Reli ya Kati na Mfuko wa Mtu wa Kusini

Mimi ni mtu wa Nachingwea. Kodi ninayokatwa nikinunua sabuni hapa Temeke inasaidia, pamoja na mengine, kuiweka hai reli ya Kigoma ambayo sijaipanda hata siku moja. Kijiweni kwetu wapo wanaosema huo ni wizi mtupu: anayepanda alipe, asiyepanda aachwe na shilingi yake. Hoja tamu hiyo, bwana. Ila hebu tupekue mambo ya zamani kidogo.

Mjerumani alianza kutandika Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Akafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, kilomita kama 1,250 hivi. Msidhani matajiri wa Berlin walijitosa kwa ushujaa. Walitoa mtaji baada ya serikali yao kuwadhaminia riba. Kule Tanga, kampuni iliyoanza reli ya Usambara 1893 iliishiwa fedha, serikali ikaibeba 1899. Na huku kwetu? Kodi ya nyumba ilikuwapo tangu 1898. Mwaka uleule wa 1905 Wamatumbi wakaanzisha Majimaji, wamechoshwa na kodi na pamba ya kulazimishwa. Walilipa, na reli haikuelekea kwao.

Ya kwetu ililetwa na karanga. Mwingereza alitoka Vita ya Pili hana mafuta ya kula, akabuni mradi mkubwa mwaka 1947: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mradi ukafa 1951, mlipa kodi wa Uingereza akapoteza pauni kama milioni 36. Reli ikabaki yatima, mizigo haba, hasara kila mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Kwa mhasibu hiyo ilikuwa hesabu safi. Lakini daftari lake halikuwa na mahali pa kuandika korosho zilizokwama porini masika, wala mgonjwa aliyekwama nazo. Nakubali, reli ile isingetufikisha Dar. Ingetufikisha Mtwara, na kwa mtu wa Nachingwea hilo si dogo. Kwenda Dar tuliendelea kungoja pantoni Rufiji, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003.

Daraja lile ni la umma. Mtu wa Kigoma, ambaye pengine hatalivuka mpaka anazikwa, naye kalichangia. Mbona kijiweni sijasikia mtu akiuliza daraja limepata faida kiasi gani mwaka huu? Lami hatuiulizi. Treni tu ndiyo tunaikalia kikao.

Biashara nayo tuliijaribu. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilipewa asilimia 51 ya reli, mkataba wa miaka 25. Kufikia 2011 serikali ilikuwa imeichukua tena. Katikati hapo mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe. Jamani, nauli za daraja la tatu zitajenga tuta lililozolewa na mto?

Kwa hiyo mimi nasema tuchangie, lakini si kwa kufumba macho. Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Dodoma, safi kweli, na wakubwa wanaipenda. Anayetaka kiti cha kifahari akilipie chote, sina cha kumsaidia. Shilingi yangu iende kwa mama wa Uvinza mwenye magunia ya chumvi, na kila mwaka tuonyeshwe hadharani ilitumikaje. Na siku Bunge likizungumza habari ya reli ya Mtwara, huyo mama naye asiulize itamfaa nini.