Mikono ya Murano: Vioo vya Venini na Wanaovikusanya

Desemba 2023, nyumba ya minada ya Wright nchini Marekani iliuza chombo cha maua cha kioo kwa dola 107,100. Miezi michache kabla ya hapo, chombo hichohicho kilikuwa kwenye rafu ya duka la mitumba katika jimbo la Virginia, bei yake dola 3.99. Aliyekiokota aliliona neno Murano limepigwa chini ya kitako, akashuku kwamba hapo si mahali pake. Wataalamu walipokitazama walikitambua mara moja. Ni cha mfululizo wa Pennellate, ambao msanifu majengo Carlo Scarpa aliubuni kwa ajili ya kiwanda cha Venini miaka ya 1940, rangi zikiwa zimepitishwa kwenye kioo kama kwa brashi.

Habari hiyo ilienea kwa majina mawili, Scarpa na Venini. La tatu halikusikika, ingawa lazima lilikuwepo. Scarpa hakupuliza kioo. Alichora, akasimama kando ya tanuri, akaelekeza na kukataa hadi kitu kitoke alivyotaka. Aliyeshika bomba la chuma na kulizungusha bila kusita alikuwa fundi mkuu, ambaye Murano humwita maestro, pamoja na wasaidizi wake. Kwa kiasi kikubwa, kukusanya vioo, taa na samani za Italia za katikati ya karne ya 20 kumekuwa kukusanya majina. Bei ilifuata maandishi, na maandishi hayakuwahi kuwatendea haki wote waliofanya kazi.

Murano ni kisiwa kidogo, mwendo mfupi wa mashua kutoka Venice. Mwaka 1291 serikali ya Jamhuri ya Venice iliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe huko, kwa kuwa mji ulikuwa umejengwa kwa mbao nyingi na moto ulikuwa tishio la kila siku. Amri hiyo iliwaweka mafundi wote mahali pamoja, na ilikuwa rahisi pia kuwachunga wasitoroke na siri za kazi. Malighafi zenyewe hazikuwa siri: mchanga safi, magadi na chokaa. Magadi hukifanya kioo kikawie kuwa kigumu, hivyo fundi hupata nafasi ya kukivuta, kukibana na kukikunja kabla hakijamkatalia. Karibu kila umbo lililoipa Murano sifa limetokana na nafasi hiyo fupi.

Watu wa Afrika Mashariki walikuwa wateja wa kazi hiyo muda mrefu kabla tajiri yeyote wa New York hajalipia chombo cha Scarpa. Sehemu kubwa ya shanga zilizoshushwa Unguja katika karne ya 19, kisha zikabebwa na wapagazi hadi Unyamwezi na maziwa makuu, zilitoka Venice. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo kuanzia 1857, alieleza kwa urefu aina za shanga na jinsi kila nchi ilivyokuwa na chaguo lake. Nyekundu zilizoitwa samesame zilipendwa kupita kiasi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifungasha magunia 22 ya shanga Unguja kabla ya kwenda bara kumtafuta mmisionari David Livingstone. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ungeweza kulala njaa huku mizigo imejaa.

Mirija ya kioo iliyokatwakatwa kuwa shanga hizo ilivutwa Murano. Kuzitunga kwenye nyuzi kulikuwa kazi ya wanawake wa mitaa ya kimaskini ya Venice, walioitwa impiraresse. Waliketi nje ya milango yao na trei ya mbao iliyojaa shanga mapajani, wakizichota kwa fungu zima la sindano ndefu, na walilipwa kwa kipimo cha walichotunga. Ushanga ule ulivaliwa Tabora na Ujiji, na hakuna aliyejua jina la aliyeutunga. Sanaa ya shanga za kioo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2020, kwa ombi la pamoja la Italia na Ufaransa.

Huko Murano kwenyewe mambo yalikuwa yameharibika. Jamhuri ya Venice ilianguka mbele ya Napoleon mwaka 1797, vyama vya mafundi vikavunjwa, na kwa miaka mingi kisiwa kiliishi kwa shida. Antonio Salviati aliifufua biashara kuanzia 1859, na jumba la makumbusho ya kioo lilianzishwa Murano mwaka 1861. Lakini kilichofufuliwa kilikuwa zaidi mtindo wa zamani: mazimwi, maua, mapambo juu ya mapambo.

Mageuzi yaliletwa na mwanasheria. Paolo Venini, mtu wa Milano, aliungana mwaka 1921 na Giacomo Cappellin, mfanyabiashara wa vitu vya kale, wakafungua kiwanda na kumweka mchoraji Vittorio Zecchin awe msimamizi wa usanii. Zecchin alikuwa mtoto wa Murano hasa. Kitu chao cha kwanza kusifiwa kilitoka kwenye picha ya Paolo Veronese ya karne ya 16, inayoonyesha malaika akimpasha habari Bikira Maria. Ndani yake kuna chombo cha kioo chembamba, kisicho na pambo lolote. Zecchin alikichukua kama kilivyo. Baada ya vizazi vya vioo vilivyolemewa na urembo, unyoofu ule ulikuwa jambo la kushtua.

Washirika waliachana mwaka 1925. Scarpa alianza kwa Cappellin, na kiwanda hicho kilipoanguka alihamia kwa Venini mwaka 1932, akakaa hadi 1947. Hakuna aliyewahi kuwasumbua mafundi kwa faida kubwa kama yeye. Aliwataka wafunike rangi ndani ya tabaka nene za kioo safi, waunganishe fito nyembamba za rangi mbili hadi zifanane na kitambaa kilichofumwa, wachome uso wa kioo kwa asidi. Katika mtindo wa battuto, kioo kilichokwisha kupoa kilipelekwa kwenye gurudumu la kusagia na kutiwa alama ndogondogo pande zote, kikawa haking'ai tena bali kinanyonya mwanga. Kwa mafundi waliofunzwa kwamba sifa ya kioo ni kung'aa, hilo halikuwa ombi dogo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia akaja Fulvio Bianconi, mchoraji wa vitabu na vibonzo kutoka Padova. Alifika Murano kutafuta chupa za manukato kwa kampuni moja ya vipodozi, akakutana na Venini, akabaki. Karibu na 1948 ukazaliwa Fazzoletto, chombo chenye umbo la leso iliyoshikwa katikati na kuachwa pembe zake zining'inie, kisha ikageuzwa juu chini.

Inafaa kuutazama utengenezaji wake kwa karibu. Fundi huchota donge la kioo kwa bomba, hulipuliza, huliviringisha kwenye bamba la chuma. Kiputo kikishafika unene unaotakiwa, huhamishiwa kwenye fimbo iliyogandishwa upande wa kitako, na mdomo wake hurudishwa motoni. Hapo ndipo mwendo unapobadilika: fimbo huzungushwa kasi, mdomo unapanuka hadi kuwa sahani bapa, kisha fundi huielekeza chini ghafla. Uzito wa kioo chenyewe ndio unaokunja pembe. Ana sekunde chache tu. Akichelewa, kioo kimeganda kikiwa sahani. Akiwahi, pembe zinashikana. Ndiyo maana hakuna leso mbili zinazolingana, hata zikitoka siku moja kwa mikono ileile. Mikono hiyo mara nyingi ilikuwa ya Arturo Biasutto, aliyejulikana kisiwani kwa jina la Boboli, mmoja wa mafundi wachache wa Venini ambao wanahistoria wamejitahidi kuwataja.

Wakati uleule msanifu majengo Gio Ponti, aliyeanzisha jarida la Domus mwaka 1928, alikuwa akiandika kuhusu vioo, taa na viti kwa pamoja, kama sehemu za nyumba moja. Mwenyewe alibuni chupa kwa Venini, lakini kilichomtangaza zaidi ni kiti cha Superleggera, kilichoingia sokoni mwaka 1957 kupitia kiwanda cha Cassina cha mji wa Meda. Kina uzito wa kilo 1.7. Miguu yake ina pande tatu badala ya nne, na upana wake ni milimita 18 tu. Kikalio kimesukwa kwa henzirani. Ponti hakukiumba kutoka hewani. Alianzia kwenye viti vyepesi vya mji wa Chiavari, vilivyokuwa vikitengenezwa tangu 1807 na maseremala wa kawaida, akaendelea kuondoa mbao hadi maseremala wa Meda walipomwambia haziwezi kupungua tena.

Soko kubwa la vitu hivi lilikuwa Marekani. Mwaka 1950 Jumba la Makumbusho la Brooklyn lilifungua maonyesho makubwa ya kazi za Italia, yaliyozungushwa katika majumba mengine ya nchi hiyo kwa miaka kama mitatu. Nia ilikuwa kuisaidia Italia iliyotoka vitani iuze kazi za mikono yake. Kati ya vilivyoonyeshwa kulikuwa na meza ya mbunifu Carlo Mollino wa Torino, mbao zake zimepindwa kama mifupa ya mnyama. Brooklyn iliihifadhi kwa miongo kadhaa, kisha mwaka 2020 ikaiuza mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6.

Mwaka 1972 upepo uligeuka. Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York liliandaa maonyesho mengine ya Italia, na safari hii yaliyotawala yalikuwa plastiki na sponji. Mwaka huohuo moto ulizuka katika kiwanda cha Venini na kuteketeza vitu vingi vilivyokuwa vimehifadhiwa pamoja na sehemu ya kumbukumbu zake. Paolo Venini alikwisha fariki mwaka 1959. Vioo vya enzi yake vilikuwa vimetawanyika kwenye makabati ya watu waliovipokea kama zawadi za harusi, na warithi wao wengi hawakujua wana nini.

Hasara ya moto ule ndiyo iliyowafanya wakusanyaji wa kwanza makini wawe wapelelezi. Walijifunza kusoma muhuri mdogo uliochomwa kwa asidi chini ya kitako, na jinsi mpangilio wa maneno yake ulivyobadilika miaka ilivyopita. Walilinganisha vitu na katalogi za kiwanda zilizonusurika. Anna Venini, binti wa mwanzilishi, alichapisha mwaka 2000 orodha kamili ya kazi za kiwanda kuanzia 1921 hadi 1986, na kitabu hicho kikawa mezani kwa kila dalali. Mwaka 2012 ukumbi wa Le Stanze del Vetro ulifunguliwa Venice kwa maonyesho ya Scarpa, ambayo mwaka uliofuata yalihamia Jumba la Makumbusho la Metropolitan huko New York. Baada ya hapo bei za vioo bora hazikurudi tena ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida.

Bei zikipanda, bandia hufuata. Leso ya Bianconi iliigwa na karakana nyingi za Murano kwenyewe, na kiwanda cha Chance cha Uingereza kilitengeneza ya kwake kwa kioo bapa kilichopashwa moto hadi kikalegea juu ya umbo. Hizo si ulaghai, na mnunuzi anayezijua hudai bei inayozifaa. Ulaghai ni kuchonga saini ya Venini kwenye kioo kisicho cha Venini. Taa nazo hazikuachwa. Arco, ambayo ndugu Achille na Pier Giacomo Castiglioni waliibuni mwaka 1962 kwa kampuni ya Flos, ina kitako cha marumaru ya Carrara chenye uzito wa kilo zipatazo 65 na tundu la kupitisha mpini wa ufagio ili watu wawili wakinyanyue. Nakala zake zilizotoka China zilizua kesi iliyofika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyotoa uamuzi wake Januari 2011.

Kesi kama hiyo hulinda haki ya aliyechora. Kwa aliyepuliza hakuna kesi wala muhuri. Orodha za minada hutaja mbunifu, kiwanda, mwaka na urefu kwa sentimita. Jina la maestro likitokea ni kwa bahati, ingawa kwenye Fazzoletto ni vigumu kusema kazi ya Bianconi iliishia wapi na ya fundi ikaanzia wapi. Wakusanyaji wanaolipa maelfu wana uwezo wa kulidai jina hilo, na wauzaji wangelitafuta.

Wanaoendelea na kazi wanahitaji zaidi ya kutajwa. Matanuri ya Murano huwaka kwa gesi usiku na mchana, kwa sababu chungu cha kuyeyushia kikipoa ovyo hupasuka na kukiwasha upya huchukua siku kadhaa. Bei ya gesi ilipoumuka mwishoni mwa 2021, wenye karakana kadhaa waliamua kuyazima, wakayapoza polepole na kuwaambia mafundi wasubiri nyumbani. Katika majira hayohayo minada ya Chicago, London na Paris iliendelea kuuza vioo vilivyopulizwa na mafundi wa kisiwa kilekile miaka 70 iliyopita.