Ahmad bin Naaman na Safari ya Sultana

Ahmad bin Naaman Al-Kaabi alizaliwa mwaka 1784 karibu na Basra. Ukubwani akawa karani na mjumbe wa Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, ambaye alimkabidhi pia shughuli zake za biashara ya baharini.

Septemba 1833, Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire aliyetumwa na serikali ya Marekani, alitia saini mkataba na Sayyid mjini Muscat. Wamarekani waliruhusiwa kuuza katika bandari zake kwa ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa konseli wao.

Mapema mwaka 1840 ikawa zamu ya Sayyid. Aliituma Sultana, manuwari iliyoundwa Bombay, ikiwa na karafuu, pembe za ndovu, sandarusi, ngozi, tende, kahawa na mazulia ya Kiajemi. Mwingereza William Sleeman alikuwa nahodha, lakini shehena na ujumbe vilikuwa mikononi mwa Ahmad.

Walitia nanga New York tarehe 30 Aprili. Magazeti yalisimulia sana kilemba na joho la Ahmad, na mchoraji Edward Mooney akamchora picha. Kazi yake hasa ilikuwa ngumu kuliko hayo: kuuza mali ya bwana wake katika mji wa ugenini, kisha kuchagua bidhaa za kurudi nazo, zikiwemo nguo za pamba, bunduki, baruti na shanga. Kwa hiyo anastahili kukumbukwa kwanza kama mfanyabiashara hodari.

Zawadi za Sayyid kwa Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu, zilizua tatizo, kwani katiba ilimkataza kuzipokea bila idhini ya Bunge. Zikapokewa kwa niaba ya taifa, na farasi wakauzwa. Nayo serikali ilikarabati Sultana katika karakana ya jeshi la majini, Brooklyn, bila malipo.

Ahmad aliondoka Agosti, akafika Unguja Desemba. Nguo za pamba kama zile alizoleta kutoka Marekani ziliingia bara kwa misafara ya wafanyabiashara, kupitia Tabora hadi Kafuro katika Karagwe.

Ahmad aliendelea kumtumikia Sayyid, na alifariki mwaka 1869.