Jembe moja halimalizi shamba

Umewahi kuona Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma? Wakulima wengi, mdundo mmoja, kazi inakwisha. Kompyuta za studio nazo zimepitia njia hiyohiyo.

Mwaka 1996 Steinberg walileta VST: mashine ya mwangwi ikageuka plagini, yaani programu ndogo ndani ya kompyuta. Raha tupu, ila ukirundika plagini, prosesa inazidiwa. Mwaka 2004 Logic Pro 7 ya Apple ikaruhusu Mac nyingine zilizounganishwa kwa waya zibebe sehemu ya mzigo.

Waya unatosha kabisa: sauti ya ubora wa CD hutumia megabiti 1.4 kwa sekunde, waya wa gigabiti una 1,000. Shida ni kuchelewa. Sauti husafiri kwa mafungu. Fungu la sampuli 512, kati ya 44,100 za kila sekunde, ni takriban milisekunde 12. Wakati wa kuchanganya, programu huvichelewesha vyombo vingine ili vyote vilingane. Lakini mwimbaji mwenye hedifoni hasubiriwi. Anajisikia kachelewa, anapotea.

Kwa hiyo, wewe mwenye studio ndogo pale Mwanza, usiitupe kompyuta ya zamani. Rekodi kwa moja, changanya kwa zote.