Ukizaa Itaisha

Hapa Oyugis nimesikia wasichana wanaojikunja kwa maumivu ya hedhi wakiambiwa, "Ukizaa itaisha." Si maneno ya nyanya zetu pekee. Miaka ya 1940 Joe Meigs, daktari wa Boston, aliandika kwamba endometriosisi huletwa na kuchelewa kuolewa na kuzaa. Porojo yenye digrii, hiyo. Wengi walidai ni ugonjwa wa wazungu wenye pesa. Mweusi aliambiwa ana maambukizi ya nyonga. Mwaka 1976 Donald Chatman wa Chicago alionyesha vingine: alipowachunguza wanawake weusi, alikuta tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota nje yake.

Kenya, wengi tulilijua jina hilo kupitia Njambi Koikai, mtangazaji wa reggae. Ulimpanda hadi mapafuni. Aliumwa tangu miaka 13, akafariki Juni 2024.