Mazoezi ya wachimba dhahabu wa Johannesburg: jinsi mwili ulivyozoeshwa joto

Muda mrefu kabla ya vyumba vya mazoezi kuwa biashara ya mijini, migodi ya dhahabu ya Johannesburg ilikuwa imekwisha kutunga mazoezi kwa ajili ya kundi moja maalumu: vibarua Waafrika waliopelekwa chini ya ardhi. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Tanganyika, hususan kutoka Rungwe, walioandikishwa na shirika lililojulikana kwa jina la Wenela, hadi serikali yao ilipositisha uandikishaji huo baada ya uhuru wa 1961.

Kwa nini joto lilikuwa tishio?

Dhahabu ya Witwatersrand iligunduliwa mwaka 1886. Kadiri mashimo yalivyozidi kwenda chini, ndivyo mwamba ulivyozidi kuwa wa moto. Katika mgodi wa Mponeng, magharibi ya Johannesburg, ambao kina chake kinakaribia kilomita 4, joto la mwamba hupita nyuzi 60 za Selsiasi, na hewa hulazimika kupoozwa kwa barafu.

Maji yaliyonyunyizwa ili kutuliza vumbi la mawe nayo yaliongeza unyevu hewani. Hewa ikijaa unyevu jasho halikauki, na mwili hukosa njia yake kuu ya kujipoza. Vifo vya kwanza vya kiharusi cha joto migodini humo viliripotiwa mwaka 1924.

Mpango wenyewe ulikuwaje?

Katika miaka ya 1930, Daktari A. O. Dreosti aliwapima wafanyakazi wapya wa mgodi wa City Deep. Walifanya kazi katika chumba chenye joto, kisha joto la miili yao likapimwa. Waliopanda joto upesi walihitaji muda mrefu zaidi wa kuzoea.

Baadaye watafiti wa Chama cha Wenye Migodi, akiwamo Cyril Wyndham, waliuendeleza utaratibu huo. Wageni walipanda na kushuka kipandio kwa kufuata mdundo, saa 4 kwa siku, kwa siku 8, ndani ya chumba chenye joto na unyevu, huku kazi ikiongezwa hatua kwa hatua.

Mwili hubadilika vipi?

Katika muda wa siku 7 hadi 14, mtu anayefanya kazi kwenye joto huanza kutoka jasho mapema na kwa wingi zaidi. Maji ya damu huongezeka, mapigo ya moyo hupungua, na joto la ndani ya mwili halipandi kama awali. Faida hiyo haidumu: hutoweka wiki chache baada ya mtu kuondoka kwenye joto.

Katika miaka ya 1990 vyumba hivyo viliachwa. Badala yake kikaja kipimo cha nusu saa cha kubaini nani hustahimili joto, kisha mfanyakazi akazoea polepole akiwa kazini.

Kasoro ilikuwa wapi?

Mpango huo uliokoa maisha ya watu. Hata hivyo, uliuliza kama mwili wa kibarua unaweza kuihimili kazi, bila kuuliza kama kazi yenyewe ilifaa kufanywa na binadamu. Wengi waliofaulu mtihani wa joto walirudi makwao na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi. Ni mwaka 2019 tu ndipo Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipoidhinisha fidia ya takriban randi bilioni 5 kwa wagonjwa hao na warithi wao.

Nini mafunzo ya leo?

Elimu hiyo ingali na manufaa kwa maelfu ya Waafrika Mashariki wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani hushauri kwamba mfanyakazi mgeni akae kwenye joto kwa asilimia 20 tu ya muda wa kawaida siku ya kwanza, na nyongeza ya kila siku isizidi asilimia 20.

Lakini mazoea peke yake hayatoshi. Mwaka 2021 Qatar ilipiga marufuku kazi za nje juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kati ya Juni 1 na Septemba 15. Maji, kivuli na mapumziko ni wajibu wa mwajiri, hata kwa mfanyakazi ambaye mwili wake umekwisha kuzoea joto.