Kusubiri hakukuanza na miye

Haya jamani, mwenzenu nipo Jang'ombe, wiki ya sita nasubiri majibu ya masta. Imeili nishafungua mara nne toka alfajiri, hamna kitu. Mama kashaacha kuuliza.

Basi nikakumbuka somo la historia. Miaka ya 1950, Mzanzibari akitaka shahada hapa Afrika Mashariki aliomba Makerere, Uganda, na tangu 1949 shahada yenyewe ilitoka Chuo Kikuu cha London. Chuo cha Dar kilianza 1961. Sie Unguja tulingoja hadi 1998!

Wazee wetu walisubiri barua, na ikija kuna bahari ya kuvuka. Miye nilikoomba ni daladala moja tu. Leo nazima simu, nikamsomeshe mdogo wangu hesabu.