Rafu ya Vitabu Nyumbani na Historia Yake katika Nyanda za Juu za Kusini

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu aghalabu hutajwa katika mambo ya biashara, lakini vitabu navyo ni mali, tena ni mali ambayo mwenyewe huweza kuipoteza asijue kwamba ameipoteza. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vitabu vilivyoingia katika nyumba za watu wa Mbeya na Iringa, jinsi vilivyotunzwa, na sababu inayotulazimu kuvipanga kwa utaratibu.

Hapo kale elimu ya watu wetu ilihifadhiwa vichwani mwa wazee. Nasaba, sheria za ardhi na habari za vita zilisimuliwa jioni kando ya moto, na mzee mwenye kumbukumbu njema ndiye aliyekuwa maktaba ya ukoo. Maandishi yalipoingia Rungwe na Unyakyusa, yaliingia hasa kwa mikono ya wamisionari. Wamoraviani na wamisionari wa Berlin walifungua vituo vyao huko mwaka 1891, na baadaye vikachapwa vitabu vya dini na vya kujifunzia kusoma kwa lugha za wenyeji. Huko pwani, nyumba za mawe zilikuwa na zidaka ukutani, na msahafu uliweza kuwekwa humo. Nyumba zetu za miti na udongo, zenye moshi wa jiko, hazikuwa na nafasi ya namna hiyo. Kwa hiyo kitabu kilitiwa katika sanduku, na sanduku likasukumwa chini ya kitanda. Hivyo ndivyo sanduku lilivyokuwa rafu yetu ya kwanza.

Baadaye sanduku lilianza kupata wageni wengine. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa mwaka 1923, na wasomaji wa bara walilisubiri kama walivyolisubiri wa pwani. Mwaka 1948 iliundwa Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1951 Shaaban Robert akatoa Kusadikika. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, kazi hiyo ilishikwa na taifa lenyewe. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, shirika la uchapaji la Tanzania Publishing House likaanzishwa mwaka 1966, na tarehe 9 Desemba, 1967, Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa mjini Dar es Salaam. Miji ya Mbeya na Iringa nayo ikapata maktaba zake za mkoa.

Hata hivyo, kitabu kilichofika katika nyumba nyingi zaidi hakikuwa riwaya wala diwani. Mwaka 1967, takriban watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Kwa juhudi za elimu ya watu wazima, kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kuwa waliobaki ni takriban mmoja katika kila kumi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kijitabu hicho chembamba, chenye alama za vidole vya mkulima, ni sehemu ya historia ya taifa.

Mwandishi wa makala haya anasema hivyo kwa uchungu. Baba yake alikuwa mkulima huko Mufindi, na alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Katika sanduku lake aliweka vijitabu vya kisomo, kijitabu cha Mtu ni Afya, na daftari alimoandika majina ya wenzake wa darasani na siku ambayo kila mmoja alifaulu kuandika jina lake. Alipofariki, mwandishi alikuwa kazini Mbeya. Alipofika, matanga yalikuwa yamekwisha, na karatasi za sanduku lile zilikuwa zimepelekwa dukani kufungia karanga. Hapana aliyefanya hivyo kwa ubaya. Vitabu vilivyorundikwa bila mpango vilionekana kuwa takataka, na vikatendewa kama takataka. Majina yale hayajulikani tena.

Basi ndugu msomaji, kupanga vitabu si pambo la sebule. Maktaba nyingi hufuata mpango uliotungwa na Melvil Dewey wa Marekani mwaka 1876, ambao hugawa maarifa yote katika mafungu kumi. Nyumbani mafungu matano yanatosha: marejeo, kama vile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, historia na siasa, fasihi, dini na maandishi ya lugha za makabila, na elimu ya kazi, yaani kilimo, afya na ufundi. Fungu la sita liwe la nyumba yenyewe: barua, vyeti, na madaftari ya wazee.

Mwanafunzi atauliza: Je, Mukwava wa Uhehe, tamthilia ya M. M. Mulokozi ya mwaka 1979, iwekwe katika historia ama fasihi? Jibu ni kwamba iwekwe katika fasihi, kwa kuwa mtunzi wa tamthilia huwapa watu maneno ambayo hakuna aliyeyasikia wakiyasema. Lakini katika daftari la vitabu iandikwe pia chini ya historia, ili anayetafuta habari za Mkwawa aifikie. Daftari hilo lionyeshe jina la kitabu, mwandishi, mwaka, kilikotoka, na aliyekiazima.

Aidha, hali ya nchi yetu izingatiwe. Mji wa Mbeya uko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, na huko Rungwe mvua ni nyingi mno. Unyevu huleta ukungu, na mchwa hupanda kutoka sakafuni. Rafu isigusane na ukuta, miguu yake ikalie matofali, nayo iwe mbali na jiko. Mbao hatuna haja ya kuziagiza mbali, kwani misindano ya Sao Hill iko Mufindi. Wilaya hiyo hiyo ndiyo yenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi mwaka 1985. Ni aibu kwa nchi inayootesha rafu na karatasi kukosa mahali pa kuweka kitabu.

Walimu wanaweza kuanza na jambo dogo. Kila mwanafunzi aandike orodha ya karatasi zote zenye maandishi zilizomo nyumbani kwao, hata zile zilizoraruka, na amwulize mzee wa nyumba kila moja ilifikaje. Afanye hivyo mzee angali hai, na sanduku halijafunguliwa na wageni.